Weka nafasi ya usiku wa kwanza, nyingine kaangalie mwenyewe

Kila ifikapo Mei, majirani hapa Moshi huanza kuniuliza lile lile: tukienda pwani ya Kenya na watoto likizo ya Juni, tuweke nafasi ya malazi kabisa au tutapata hukohuko? Jibu langu halijabadilika. Usiku wa kwanza weka nafasi, na wa pili pia kama una mtoto mchanga. Siku zilizobaki, kaangalie kwa macho yako.

Usiku wa kwanza sina mjadala nao, na sababu ni safari yenyewe. Moshi mpaka Holili ni karibu, hata saa nzima haifiki. Ila pale mpakani, Holili na Taveta, hujui mtakaa muda gani. Basi zima linashuka, kila mtoto awe na hati yake ya safari, na abiria mmoja tu mwenye karatasi pungufu anawaweka wote. Halafu Taveta mpaka Voi, Voi mpaka Mombasa, malori yamejipanga kuanzia Mariakani, na kama mnakwenda Diani bado feri ya Likoni inawasubiri. Mnaingia Ukunda, mji wa pale Diani, giza limeshatanda, mtoto mmoja amelala begani, mwingine anataka choo. Saa hiyo hakuna kupatana bei. Mwenye tuktuk anajua, mwenye gesti anajua, na wewe unajua kwamba utalipa utakachoambiwa.

Asubuhi, mkishakunywa chai, mzazi mmoja anabaki ufukweni na watoto, mwingine anaingia mtaani kutafuta. Diani kuna nyumba nyingi za kupangisha kwa siku, zenye jiko na vyumba viwili vitatu. Kwa familia yenye watoto wanne kama yetu zinaishinda hoteli, maana hoteli nyingi zinahesabu vichwa. Hapa ndipo picha za mtandaoni zinapokosa faida. Picha haikuambii kwamba maji ya bomba yana chumvi, na visima vya Diani vingi viko hivyo. Mimi hufungua bomba la jikoni nikaonja kabla hata sijauliza bei. Chandarua nakishusha chote nione matundu. Dirisha la jikoni naangalia kama lina wavu, kwa sababu tumbili wa kule hawana adabu: geuka kidogo tu, mkate umekwenda. (Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, hawana neno. Wako juu mitini na majani yao.) Habari za umeme namuuliza mlinzi, simuulizi dalali. Dalali atasema jenereta ipo muda wote, dada. Mlinzi ndiye anayeiwasha.

Mpango huu unawezekana Juni kwa sababu shule zetu zinapofungwa, watoto wa Kenya wako katikati ya muhula wao wa pili. Masika ndiyo yanaishia, wageni wa Ulaya hawajajaa, vyumba vipo na bei inashuka ukiomba vizuri. Agosti usijaribu. Desemba ndiyo kabisa: Nairobi yote inateremka pwani, na chumba cha familia wiki ya Krismasi, kama hukukishika miezi kabla, sahau. Pasaka na Idi vivyo hivyo. Sisi wa Moshi, hata hivyo, Desemba wengi hatutoki. Ndugu wote wanapanda kutoka Dar, na hoteli ni sisi.

Hata huo usiku mmoja, piga simu kwanza. Programu za kuweka nafasi mara nyingi zinakupa bei ya dola ya mgeni yeyote, wakati hoteli nyingi za Kenya zina bei ya wakazi wa Afrika Mashariki ambayo iko chini. Usipouliza, hawakwambii. Uliza pia kama wamefungua, maana hoteli kadhaa za pwani hufunga Aprili na Mei kwa ukarabati, na Juni unaweza kukuta mafundi bado wako kwenye bwawa la kuogelea. Wakitaka kishika nafasi, M-Pesa ya Tanzania inatuma hadi Kenya tangu 2015, kwa hiyo kulipa si tatizo. Tatizo ni unamlipa nani. Matapeli hubandika picha za nyumba za watu. Omba simu ya video, akuonyeshe geti, barabara iliyo mbele ya geti, kisha chumba. Akianza kusema mtandao ni mbovu leo, tafuta kwingine. Na usitume zaidi ya pesa ya usiku mmoja.

Nchi ambazo lazima uombe viza kwanza zina utaratibu wake. Kama mnakwenda Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ubalozi unataka uthibitisho wa malazi ya safari nzima, pamoja na bima ya yuro 30,000 kwa uchache. Hapo weka nafasi za kila usiku, ila chagua zile unazoweza kufuta bila kukatwa, kwa sababu viza hunyimwa pia. Uingereza wao hushauri usilipie malazi wala nauli kabla hujapata viza, na mimi ningewasikiliza.

Nirudi Mombasa, kuna usiku mwingine ambao watu huusahau: wa mwisho. Mabasi ya kurudi huku huondoka asubuhi, na kuvuka Likoni saa hizo na mabegi, katikati ya watu wanaowahi kazini, ni adhabu kwa watoto. Vukeni jioni, mlale upande wa mjini karibu na Mwembe Tayari, ambako mabasi mengi yana ofisi. Gesti za eneo hilo ni za kawaida sana na zina kelele, lakini chumba unakipata kwa kupiga simu siku moja kabla.