Kelele za ndege Mtwara: maswali ya majirani wa kiwanja

Naishi kusini mwa Kiwanja cha Ndege cha Mtwara. Mbona kuna miezi ndege zinapaa juu ya paa langu, na mingine zinapita zikitua tu?

Ni upepo, ndugu msomaji. Ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo, kwa kuwa hunyanyuka mapema na kusimama kwa umbali mfupi. Njia yetu ya kurukia imelala takriban kaskazini–kusini, kwa hiyo wakati wa kusi ndege hupaa zaidi kuelekea kwako na kutua zikitokea upande wa pili. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, mambo hugeuka. Upepo ukitulia, rubani na mwongoza ndege huwa na nafasi ya kuchagua, na hapo ndipo wakazi wana haki ya kuomba upande wenye nyumba chache utumike.

Kipi kinasumbua zaidi, kupaa au kutua?

Wakati wa kupaa injini hutumia nguvu nyingi, lakini ndege hupanda upesi. Inapotua hushuka polepole, kwa kawaida kwa pembe ya nyuzi 3, hivyo ikibakiza kilomita 2 kugusa lami huwa juu kwa mita 100 hivi. Hapo injini zimepunguzwa, lakini magurudumu yaliyoshushwa na mabawa yaliyotanuliwa hukwaruza hewa kwa mvumo unaosikika hadi ndani. Walio kandokando ya njia husikia pia mngurumo wa ghafla, pale ndege ya jeti inapogeuza msukumo wa injini ili ipunguze mwendo.

Njia imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800. Kelele zitapungua?

Kwa wengine, ndiyo, kwani lami ndefu humruhusu rubani kupaa bila kumaliza nguvu za injini. Lakini inakaribisha pia ndege kubwa, na mahali pa kugusia pakisogezwa mita 500 kuelekea kwako, ndege itakupitia chini zaidi kwa mita 26.

Nimepata kiwanja cha bei nafuu karibu na mwisho wa njia. Ninunue?

Nakusihi usubiri. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limehimiza tangu 2001 mipango ya ardhi iende pamoja na hatua nyingine za kupunguza kelele, kwa sababu nyumba ikishajengwa, hakuna ratiba itakayoihamisha. Nenda kwanza ofisi ya ardhi ya manispaa, uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji na mipaka ya kiwanja cha ndege, ndipo ulipe.