Nilinunua ardhi ya mjane kabla bei haijapanda: je, faida yangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, ninafanya udalali wa viwanja. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye mradi wa bomba la mafuta alinidokeza kuwa kuna kampuni itakayotafuta eneo la kuegesha malori upande wetu. Nikamwendea mama mmoja mjane, nikanunua ekari zake mbili. Aliniuliza kama ni kweli ardhi ile itahitajika, nikamjibu kuwa hayo ni maneno ya vijiweni tu. Sasa bei imepanda mara tano. Baba ananitaka niachane kabisa na biashara za mafuta kwa kuwa zinaua imani. Nifanye nini?

JAWABU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Tangu jiwe la msingi la bomba hili la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lilipowekwa Chongoleani, Tanga, mwaka 2017, watu wa Tanga wamekuwa na matumaini makubwa, na matumaini hayo si dhambi. Sahaba Abdurrahman bin Awf alipofika Madina mikono mitupu, na ndugu yake wa Kiansari, yaani mwenyeji wa Madina, akataka kumgawia nusu ya mali yake, alimwombea baraka kisha akasema aonyeshwe soko liko wapi. Naye Mwenyezi Mungu anasema: "Na itakapokwisha Sala, tawanyikeni katika nchi mtafute fadhila za Mwenyezi Mungu" (62:10). Kwa hiyo siwezi kukuambia kuwa mafuta ni haramu, wala kwamba kutaka kutajirika kunakutoa katika dini.

Hata hivyo, baba yako ameona jambo la kweli, ingawa amelitaja kwa jina jingine. Qaruni, yule tajiri wa zama za Nabii Musa, alipoonywa kuhusu mali yake alisema: "Hakika nimepewa haya kwa sababu ya ilimu niliyo nayo" (28:78). Wewe nawe ulikuwa na ilimu ambayo yule mama hakuwa nayo. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei, na katika riwaya ya hadithi ya Imamu Muslim akampa muuzaji hiari ya kuvunja mauzo akishafika. Ardhi haisafirishwi kwenda sokoni, lakini sababu ya katazo ni ileile: mnunuzi anafaidika kwa sababu mwenzake hajapata habari.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, bei ya chini peke yake haibatilishi mauzo. Kama ungenyamaza na yeye asiulize, tungekuwa na mjadala mrefu, maana wanavyuoni wametofautiana kuhusu aliyepunjwa bila kudanganywa. Lakini aliuliza, mwanangu! Mjane aliyekuwa akiuza pengine kitu pekee alichonacho alikuuliza waziwazi jambo uliloambiwa na mtu wa ndani ya mradi, nawe ukamjibu kinyume chake. Hapo hatuzungumzii tena ustadi wa biashara. Sahaba Hakim bin Hizam amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba wanaouziana wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa.

Zingatia kisa cha sahaba Jarir bin Abdillah, kilichopokewa na mwanahadithi At-Tabarani. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir akamwendea mwenye farasi, akamwambia kuwa farasi wake anastahili zaidi, akawa anampandishia bei yeye mwenyewe mpaka ikafika 800, kwa sababu alikuwa amempa Mtume kiapo cha utii (bai'a) juu ya kumtakia heri kila Mwislamu. Naye hakuwa amesema uongo wowote.

Hivyo usiiuze ardhi hiyo wala kuikodisha kabla hujarudi kwa mama huyo. Mweleze ulichokijua siku ile na bei ya leo, umwombe radhi, kisha umwachie achague: arudishe fedha zako achukue ardhi yake, au akuachie kwa nyongeza atakayoridhika nayo mwenyewe. Ikiwa fedha ameshazitumia, usimbane, mpe muda. Makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi, na mmoja wao awe baba yako.

Wallahu a'lam.