Jibu: Parachichi za Njombe kwenda Uholanzi

Ndugu, umeuliza kama cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kinatosha kuingiza parachichi Rotterdam. Hakitoshi, ingawa bila hicho mzigo hauingii: tangu 14 Desemba 2019 matunda mabichi yote yanayoingia Umoja wa Ulaya yanakihitaji, isipokuwa mananasi, ndizi, nazi, tende na duriani.

Ushuru kwa Tanzania ni sifuri chini ya EBA, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kuondolea ushuru nchi maskini zaidi, ila hauji wenyewe. Unaandika tamko la asili ya bidhaa kwenye ankara, na shehena ikizidi yuro 6,000 lazima uwe umesajiliwa REX, yaani mfumo wa wauzaji nje waliosajiliwa. Bila hivyo mnunuzi atatozwa ushuru, na atakukata wewe.

Panapoumiza zaidi ni mabaki ya viuatilifu. Dawa isiyo na kiwango maalumu hupewa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Upepo kutoka shamba la jirani aliyepulizia unaweza kukuvusha hapo. Tafadhali pima maabara kabla ya kuvuna. Kontena likishakataliwa bandarini, kulirudisha au kuliteketeza ni gharama yako.

Paleti za mbao ziwe na muhuri wa HT, yaani zimetibiwa kwa joto (nyuzi 56 kwa dakika 30). Namba ya EORI, utambulisho wa forodha wa Umoja wa Ulaya, ni ya mnunuzi, mwombe mapema.