Bei ya makaa ikishuka, kwa nini wanakata mshahara na sio mrabaha?
Mkuu umeuliza kwa nini bei ikianguka mgodi wa makaa ya mawe unakimbilia mishahara na mrabaha wa mwenye ardhi, yaani malipo anayopewa kwa makaa yanayotolewa kwenye ardhi yake, hauguswi. Nimekaa miaka sita nikiwa karani wa mizani kwenye mgodi wa chini ya ardhi, daftari la mishahara na la mrabaha yote yalipita mkononi mwangu, nakujibu kwa nilichokiona.

Mgodi wa chini unataka watu wengi, kuna wachimbaji, wa nguzo, wa pampu, wa feni, wa mabehewa, na wengi wao hawagusi makaa kabisa ila bila wao hakuna anayeshuka. Uingereza miaka ya 1920 mishahara ilibeba kama theluthi mbili ya gharama ya tani, mrabaha ulikuwa wastani wa peni 6 hivi tu kwa tani, kwa hiyo hata ungefutwa wote mgodi wenye hasara kubwa usingepona. Hapo wenye migodi wanasema kweli.

Wasichosema ni mkataba wa ardhi. Wetu ulikuwa na kima cha chini cha mwaka, mchimbe msichimbe mwenye ardhi analipwa. Sasa piga hesabu, kima kimepangwa kwa tani laki 1 nyie mmetoa elfu 50, kila tani inabeba mrabaha mara mbili. Sisi tukapunguziwa zamu, tani zikapungua, mrabaha kwa tani ukapanda, na kikaoni hakuna aliyelitaja hilo. Nilipouliza nikaambiwa ule umeshasainiwa. Na barua zetu za ajira zilisainiwa pia! Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Mwaka 1926 hukohuko Uingereza tume ya serikali ya kuchunguza migodi ya makaa, iliyoongozwa na Herbert Samuel, ilipendekeza serikali inunue haki za mirabaha, ripoti hiyohiyo ikataka mishahara ishuke. Wachimbaji walikataa, wenye migodi wakawafungia nje tangu Mei, njaa ikawarudisha mwisho wa mwaka kwa pesa kidogo na saa nyingi zaidi. Wenye ardhi wao walikuja kununuliwa kwa sheria ya 1938, fidia zaidi ya pauni milioni 66.

Kama mko kwenye majadiliano ombeni kwanza kuuona mkataba wa ardhi. Angalia mrabaha ni asilimia ya bei au kiasi kilekile kwa kila tani, maana ukiwa asilimia mwenye ardhi naye anaumia bei ikishuka. Halafu angalia kama mnachozidisha kulipa mwaka mbaya, juu ya tani mlizotoa, kinakatwa kwenye mrabaha wa miaka mizuri. Wa kwetu uliruhusu, ila mpaka nakiona hicho kifungu watu arobaini walikuwa washaondolewa kazini.