Re: Chai na chapati usiku, mume anasema sio msosi

Dada nimekusoma, unatoka kazini saa mbili usiku umechoka, unapika chai na chapati, mzee ananuna eti hajala mpaka aone ugali. Mbona hata kwangu ilikuwa hivyohivyo! Shida sio chapati, shida ni kwamba chai na ngano tupu haikai tumboni, saa sita mtu ashaamka njaa inamuuma. Jaribu hivi, maharage chemsha jumapili mengi uyagawe kwenye friji, usiku unaunga tu na nazi kidogo, au kaanga mayai mawili na nyanya, hoho, kitunguu, uone kama atalalamika tena. Mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha navyo fresh, havina mafuta. Maandazi kila siku hapana, ukila ukalala hapohapo kiungulia kitakutesa (mimi shahidi).

Chai iwe ya mchaichai au tangawizi, majani ya chai yanafukuza usingizi. Halafu kama mmoja wenu ana sukari au mjamzito, muulize daktari kwanza kabla hamjabadilisha mlo. Na yeye mzee si anaweza kusonga huo ugali siku mojamoja?