Kilo mbili baada ya pilau ya Idi

Dada mmoja ameniuliza kama pilau ya Idi imemnenepesha kilo mbili kwa siku moja. Hapana dada, hizo kilo mbili ulizozikuta kwenye mizani asubuhi ya Idi pili si mafuta. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700, na sahani mbili za pilau hazifiki huko. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji: chumvi huyashikilia, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na gramu 3 hivi za maji. Yatapungua ndani ya siku chache. Kinachonenepesha kweli ni soda na visheti vya kila nyumba unayoingia wiki nzima. Mimi huanza na kachumbari na nyama, wali baadaye, na maji badala ya soda. Mwenye kisukari afuate alivyoelekezwa kliniki.