Ukiandika "tumbo kawaida", msahihishaji hajui ulipima nini

Swali: Kwenye mtihani wa stadi za kitabibu, nikishampima mgonjwa wa kuigiza napewa dakika 10 za kuandika. Nimekatwa alama mara mbili kwenye matokeo ya uchunguzi wa mwili, ingawa nilipima vizuri. Niliandika: "Tumbo kawaida isipokuwa dalili za apendisaitisi." Kosa liko wapi?

Jibu: Yapo mawili katika mstari huo mmoja. Anayesahihisha ana karatasi yako tu, na neno "kawaida" halimwambii mkono wako ulipita wapi. Tena apendisaitisi (uvimbe wa kidole tumbo) ni jina la ugonjwa. Mahali pake ni kwenye orodha ya magonjwa unayoyashuku. Hapa panatakiwa ulichokiona, ulichokisikia na ulichokigusa, basi.

Mgonjwa huyohuyo angeandikwa hivi: "Tumbo halijajaa, halina kovu. Sauti za utumbo zipo. Ni laini, ila linauma likibonyezwa chini kulia, theluthi ya njia kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga kwenda kitovuni. Misuli ya hapo inakaza. Mkono ukiachiliwa ghafla, maumivu yanazidi. Dalili ya Murphy haipo."

Sentensi ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ni hasara kubwa. Dalili ya Murphy kutokuwepo maana yake ulibonyeza chini ya mbavu za kulia, mgonjwa akavuta pumzi bila kuikatiza kwa maumivu: hilo linapunguza shaka juu ya mfuko wa nyongo. Kisichokuwepo kina uzito sawa na kilichopo, mradi kinahusiana na malalamiko aliyokuja nayo.

Andika kwa mpangilio uleule uliopimia, hutaruka kitu: kutazama, kusikiliza, kugonga, kubonyeza. Kwenye tumbo kusikiliza hutangulia kugusa, kwa kuwa mkono unaweza kubadili sauti za utumbo.

Palipo na kipimo, weka namba. "Mguu dhaifu kidogo" kila mtu ataelewa lake. "Nguvu ya mguu wa kushoto 3/5" maana yake unainuka wenyewe lakini hauhimili ukiukandamiza. Refleksi ya goti (mguu unavyoruka goti likigongwa) iandikwe kwa kila upande, 2+ ikiwa ya kawaida. Ini lililoshuka, taja ni sentimita ngapi chini ya mbavu. Na tafadhali, usisahau kulia au kushoto. Wodini kosa hilo linaweza kumfikisha mtu kwenye upasuaji wa upande usio wake.

Swali: Nikisahau kusikiliza mapafu, naweza kuandika kwamba ni safi?

Jibu: Hapana kabisa. Mgonjwa wa kuigiza naye huwa na orodha ya ulichomfanyia, na kuandika usichopima ni kughushi. Andika "mapafu hayakusikilizwa", kisha uliingize jambo hilo kwenye mpango wa hatua zinazofuata. Na kama mgonjwa alikataa kuguswa kwa sababu ya maumivu, hayo nayo ni matokeo. Yaandike vivyo hivyo.